Doa Chini ya Unyayo wa Mama

Jumamosi, 5 Oktoba

Ninaandika kwa sababu nisipoandika leo nitampiga mtu, na mtu mwenyewe ni kaka yangu mkubwa.

Daftari hili ni la maandalizi ya masomo, la mwaka wa shule uliopita. Kurasa za mbele ni za prefe, mkuu wa shule: biolojia, darasa la sita la sekondari, kila ukurasa una muhuri na neno "Vu", yaani umeonwa. Kurasa za nyuma zilibaki tupu. Nimeligeuza, na kuanzia leo upande huu ni wangu mimi, Nadège, mwalimu wa mji wa Baraka, mwenye miaka tisa ya chaki kwenye kucha.

Mama ameletwa leo kutoka kijijini Lubondja. Walimbana kwenye pikipiki, dereva mbele, kaka yangu Vainqueur nyuma, mama katikati, mguu wake wa kulia umefungwa kitenge hadi juu ya kifundo. Mvua ya kwanza iliwakuta njiani, wote watatu walikuwa wekundu kwa matope. Nilimkalisha mama kwenye kiti nikafungua kile kitenge. Chini ya kisigino kulikuwa na kitu cheusi, kipana kuliko kifuniko cha chupa. Kingo zake zilikuwa zimepinda-pinda kama wino uliomwagika, na katikati palikuwa pamepasuka panatoa maji.

"Mama, hii ilianza lini?"

"Kidonda tu. Nilijikwaa ku kisiki ya shamba."

"Haiko kidonda," Vainqueur akasema. "Alikanyaga mutego. Kuna muntu alitega dawa mu njia ya shamba."

Vainqueur ni mtoto wa kwanza, na tangu baba afariki neno la ukoo ni lake. Ana simu mbili na jibu moja kwa kila ugonjwa. Mtu akivimba mguu Lubondja, amekanyaga mtego. Akikohoa damu, amelishwa sumu. Kwetu hakuna mtu anayeugua tu, lazima apatikane wa kulaumiwa.

Likizo yote ya Julai nililala nyumba moja na mama. Sikumbuki kuona chochote, na hilo linanikera.

Jumanne, 8 Oktoba

Hospitali. Tulipanga foleni tangu saa kumi na mbili asubuhi. Dokta Bertin ni kijana mwembamba anayeongea polepole, na leo nilichukia upole wake. Aliushika mguu wa mama muda mrefu, akapima doa kwa rula ya shule, kisha akapapasa kwenye kinena.

"Naogopa ni mélanome, Madame. Saratani ya ngozi."

"Kwa muntu mweusi?" nikauliza.

Alinitazama. "Ngozi nyeusi inakinga jua, ni kweli. Lakini hii haijali jua. Kwa batu kama sisi inapenda kujificha hapa: ku unyayo, ku kiganja, chini ya ukucha. Na inaua juu hakuna mwenye anaangalia unyayo."

Miaka tisa nafundisha biolojia na jambo hilo sikulijua. Kwanza niliona haya, halafu nikamkasirikia yeye, kana kwamba ndiye aliyenificha. Amekata kipande kidogo cha kupeleka Bukavu kikapimwe. Mama hakulia. Aliuliza tu kama anaweza kupata jibu kabla ya palizi.

Alhamisi, 10 Oktoba

Mvua. Mama anaulizia mihogo yake kuliko mguu wake.

Jumamosi, 12 Oktoba

Vainqueur alikuja na swali lake. Alikaa mbele ya mama kama hakimu.

"Nani anajua njia yako ya shamba?"

"Lubondja muzima banaijua."

"Nani alianza kusema juu ya huu muguu?"

Mama akainama kukaza kitenge cha mguu. Kaka yangu akalitaja jina mwenyewe: Mama Léa.

Jina lake la kuzaliwa ni Uwamwiza, mjane wa wafugaji wa milimani, watu ambao huku huitwa wageni. Ng'ombe wake waliporwa wakati wa vita, akashuka Lubondja na wana wake miaka kumi na minne iliyopita. Anauza maziwa. Yeye na mama hulima mashamba yanayopakana, na siku za Jumapili hukaa uani kwa mama wakimenya mihogo na kusengenya wachungaji wa makanisa yote mawili. Kwenye kila barrière, kizuizi cha askari, ya barabara hii hushushwa yeye, pua yake inasomwa kabla ya kadi yake.

Kosa lake sasa ni kwamba tangu mwaka jana alikuwa akimwambia mama aende kumwonyesha daktari ule mguu. "Alijua namna gani?" Vainqueur anasema. "Muntu anajua mutego juu ni yeye alitega."

Nilimwambia ni ujinga, tena kwa sauti ambayo majirani walisikia. Lakini daftari hili silidanganyi. Kuna pembe moja ndani yangu iliyouliza kimyakimya: kweli, alijuaje?

Jumatatu, 14 Oktoba

Barabara imekatika upande wa Mboko, mto umekula daraja la miti. Kipande cha mguu wa mama kimekaa huko kwenye boksi la barafu, kikisubiri maji yapungue. Barafu haisubiri.

Alhamisi, 17 Oktoba

Somo la kinga ya mwili. Niliwaambia darasa la sita kwamba mwilini kuna chembe, yaani seli, za ulinzi zinazozunguka na kukagua chembe nyingine, kama barrière ya njia ya Mboko.

Eddy wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Madame, ule mulinzi anaomba karte, ao anaomba maharage ya batoto?"

Darasa likaangua kicheko, maana askari wetu akitaka rushwa ndivyo anavyosema, watoto wake wamekosa maharage. Hata mimi nilicheka, mara ya kwanza tangu mama aje. Kisha Divine, msichana wa Mboko ambaye husema mara moja kwa wiki, akauliza swali lake.

"Madame, microbe inatoka inje, mulinzi anaona ni mugeni. Lakini cancer ni mutoto ya nyumba. Anamujua namna gani?"

Nilisema tutalijibu wiki ijayo. Hiyo ni lugha ya mwalimu asiyejua.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nilimfuata Dokta Bertin wakati anakunywa chai nyuma ya maabara. Nikamwuliza swali la Divine kama langu. Aliweka kikombe chini, na kwa mara ya kwanza upole ukamtoka. Nadhani hakuna anayemwuliza kitu isipokuwa dawa.

Kila chembe ya mwili, alisema, hukatakata protini zake za ndani na kutundika vipande vidogo nje, mlangoni pake. Walinzi, zile chembe T, hupita mlango kwa mlango wakipapasa vile vipande. Hawaangalii umbo la nyumba, wanasoma kilichotoka ndani. Wakikuta kipande cha kawaida wanapita. Wakikuta kigeni, chembe ile inauawa.

Chembe ya saratani ni mtoto wa nyumba, Divine amesema kweli, lakini mtoto ambaye maandishi yake ya ndani yamekosewa. Basi baadhi ya vipande anavyotundika havijapata kuonekana mwilini, na hapo ndipo anapojulikana. Tena saratani hii huzaliwa na zile chembe zinazotengeneza weusi wa ngozi. Vipande vya kazi hiyo ya weusi navyo vinatundikwa, na walinzi wanaweza kuvishika.

"Sasa juu ya nini hawakumukamata mu muguu ya mama?"

"Juu iko mujanja, Madame. Mara inaondoa vipande ku mulango, mulinzi anakuta patupu. Mara ingine inaviacha, halafu inamubonyeza."

Kumbe mlinzi ana kitufe cha kumtuliza. Ni kitufe kizuri, kimewekwa ili asije akaua watu wa nyumba. Saratani imejifunza mahali kilipo, inakibonyeza, na mlinzi anasinzia akiwa amesimama mlangoni kwa adui. Dawa mpya za Ulaya haziui saratani zenyewe. Zinakifunika kitufe, mlinzi anaamka, na kazi anaifanya yeye. Wengine wanakata kipande cha uvimbe, wanatoa walinzi waliokutwa ndani yake, wanawazalisha mpaka wawe mabilioni, kisha wanawarudisha mwilini.

"Lakini nisikudanganye. Ile ya jua iko na makosa mengi ya maandishi, kwa hiyo mulinzi anapata vya kusoma. Hii ya unyayo iko na makosa kidogo. Dawa inasaidia bamoja, benzake hapana. Na mara ingine mulinzi akiamka anapiga hata chembe nyeusi zenye hazina kosa, juu zinafanana na ile mbaya. Mugonjwa anabaki na mabaka meupe."

"Na dawa iko wapi?"

"Haiko hapa. Haiko hata Bukavu."

Nilitaka kumwagia chai yake. Kunipa maarifa yote hayo, kisha kunifungia mlango! Alisema hapa kuna kisu tu, na kisu kinataka haraka. Hata bila majibu ya Bukavu angependa kukata mguu baada ya wiki moja. Nilimwambia atuandikie Jumatatu ya tarehe ishirini na nane.

Jumatano, 23 Oktoba

Nimerudi shule saa nane mchana na kitanda cha mama ni kitupu.

Jirani alinieleza huku ananionea huruma, na huruma yake ikaniwasha zaidi. Vainqueur alikuja saa tatu asubuhi, mara tu nilipoanza kufundisha. Alijua saa zangu. Alimbeba mama mgongoni mpaka bandarini, wakapanda boti ya kwenda Kazimia. Huko kuna mufumu, mganga mashuhuri wa kung'oa mitego.

Nilimpigia simu zote mbili. Ya kwanza imezimwa. Ya pili aliipokea, nikamwita Yaya, kama tunavyowaita wakubwa wetu.

"Yaya, murudishe Mama. Kisu ni Jumatatu."

"We unataka kukata Mama muguu. Mi minataka kutoa kitu yenye iko ndani. Nani anamupenda?"

Akakata. Nani anampenda! Nimekaa na swali hilo mchana wote na kila nikilirudia linanichoma upya. Vainqueur anampenda mama, ndiyo balaa yenyewe. Angekuwa mwovu ningejua pa kumshika. Aliuza baiskeli yake kumtibu mama malaria, alimjengea jiko, akimwona mama analia anatoka nje asionekane. Na upendo huo huo ndio umempakia kwenye boti kwenda kukatwa na wembe wenye kutu.

Nawakasirikia wote. Namkasirikia mama kwa kukubali kubebwa, yeye anayembishia kila mtu mpaka katekista. Namkasirikia Dokta Bertin kwa wiki yake moja, na mimi mwenyewe kwa kwenda kufundisha uyeyushaji wa chumvi huku mama yangu akisafirishwa kama kapu la samaki wa ndagala. Nimempigia Vainqueur mara kumi na moja.

Alhamisi, 24 Oktoba

Ziwa limechafuka. Hakuna boti.

Ijumaa, 25 Oktoba

Hakuna boti.

Jumamosi, 26 Oktoba

Hakuna boti. Niligombana na muuza samaki bila sababu, kisha nikarudi kumwomba msamaha.

Jumatatu, 28 Oktoba

Wamefika saa tano asubuhi, saa ambayo mama angekuwa amelala mezani kwa Dokta.

Ana chale kutoka goti hadi kisigino, kila moja imejazwa unga mweusi uliochomwa. Doa lenyewe limechokonolewa kwa wembe, mguu umevimba, na kwenye kinena kuna kitu kigumu kama mbegu ya embe. Mufumu alitoa jino na nywele, akawaonyesha: haya ndiyo yaliyotegwa. Kisha aliangalia ndani ya maji akaona mwanamke mrefu amebeba maziwa.

"Hakutaja jina," Vainqueur alisema. "Lakini tunajua."

Nilimpiga kofi. Ni mkubwa wangu, nimezaliwa nikimwita Yaya, sijawahi kumnyooshea hata kidole. Alishika shavu lake, akasema polepole kwamba ameshawapigia vijana wa Lubondja. Mama alipolisikia hilo alijaribu kusimama kwa mguu ule ule.

"Umebafanya nini?" alimwuliza. "Vainqueur, umebaambia nini?"

Alitoka akaenda zake.

Jumatano, 30 Oktoba

Mama Léa amefika mlangoni kwangu leo asubuhi, kitenge kimemshika mwilini kwa mvua, bidoni, dumu lake la maziwa, mkononi. Wale vijana walivunja mlango wake jana saa za jioni. Waling'oa mabati, wakamuua ndama. Hakuna aliyemgusa mwili, anasema, kwa sababu mke wa katekista alisimama mbele yake na mchi. Akatoka kabla hawajarudi. Sikuelewa kwa nini alikuja kwangu, nyumba ya watu waliomfukuza, mpaka alipouliza, "Mama Vainqueur iko namna gani?"

Alikuja kumwona mgonjwa.

Walishikana mikono, wale wawili, na mama akamsogezea nafasi kitandani. Mimi nilikuwa nimejaa. Nilihitaji kumwagia mtu.

"Mama Léa, kama ulijua, juu ya nini hukusema?"

"Nilisema, mutoto yangu."

"Ulimwambia Mama. Mimi ndiye nimesoma. Juu ya nini hukuniambia mi?"

Alimtazama mama, kama mtu anayeomba ruhusa. Mama akamkubalia kwa kichwa.

"Nilikuambia," Mama Léa akasema. "Mwezi ya saba, tulikuwa tunamenya mihogo. Nilisema Nadège, angalia chini ya kisigino ya mama yako, kuna doa. Bwana yangu Sebasaza aliota doa ya vile vile, ku kisigino, ikapasuka, ikapanda mu kinena, akakufa. Nilisema bamupeleke kwa dokta, ni cancer. We ulikuwa unaandika mu simu. Ulicheka. Ulisema Mama Léa, ile ni ugonjwa ya Bazungu na ya ba-albino, nimeifundisha juzi."

Nilisema hapana. Nilisema amekosea, labda alimwambia mtu mwingine. Nakumbuka ile mihogo. Nakumbuka simu, nilikuwa namtumia rafiki vichekesho. Kicheko chenyewe sikukumbuka mpaka alipokitaja, na sasa nakisikia.

"Na weye, Mama?" nikamgeukia. "Mwaka muzima unakanyagia ile kitu, juu ya nini ulinyamaza?"

"Mi najua batoto yangu," mama alisema. "Ningesema niko mugonjwa, Vainqueur angetafuta muntu. Na muntu wa karibu ni nani? Nilisema bora muguu ioze, kuliko bamuue rafiki yangu juu ya muguu."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama anasimulia bei za soko. Halafu akaomba maziwa.

Alhamisi, 31 Oktoba

Leo nimeligeuza daftari hili upande wa mbele. Ukurasa wa 41, mwezi wa Mei, mwandiko wangu mzuri wa bluu, mstari umepigwa chini ya kichwa kwa rula:

"Saratani ya ngozi. Huwapata watu weupe na maalbino. Ngozi nyeusi inalindwa na melanini. Hitimisho: Mwafrika mweusi hana hatari."

Juu yake muhuri. "Vu."

Niliinakili kutoka kitabu kilichoandikwa na watu waliokuwa wakiangalia ngozi zao wenyewe. Lakini mkono ni wangu. Nilimwita Vainqueur mjinga kwa sababu ana jibu moja kwa kila ugonjwa. Yeye alipolisikia neno la Mama Léa alimgeuza mchawi. Mimi nilimgeuza mshamba. Na kwa majibu yetu yote mawili, mama hakupona.

Siandiki zaidi leo.

Jumatano, 6 Novemba

Majibu ya Bukavu yamefika. Ni ile ile mélanome.

Dokta Bertin anataka kukata kesho. Mama amekataa. Si kwamba anaogopa kisu. Aliagiza Vainqueur aitwe, naye akaja, akasimama mlangoni akiangalia sakafu. Mama akamwambia hivi:

"Mbele bakate muguu yangu, we rudisha mabati ya Mama Léa. Weye na mikono yako. Nikiona, nitaenda mu kisu."

"Mama," nikasema, "kila siku hii kitu inapanda!"

"Ipande. Na yeye apande ku paa."

Nililia kwa hasira mbele yao wote. Nilimwambia mama anajiua kwa kiburi. Akasema kiburi hicho ndicho kilichotulea bila baba, na kama nina machozi ya kumwaga nikamsaidie Mama Léa kufua. Vainqueur aliondoka bila kuaga.

Ijumaa, 8 Novemba

Mvua. Vainqueur kimya. Simu zote mbili zimezimwa.

Jumamosi, 9 Novemba

Kimya. Mama ana homa. Mama Léa amelala chini kando ya kitanda chake na wanatetana kuhusu nani alikoroma.

Jumatatu, 11 Novemba

Picha imeingia kwenye simu yangu saa nne asubuhi, mkutanoni kwa walimu. Nyumba ya Mama Léa, mabati yake yamerudi, mawili ni mapya. Juu ya paa, kwenye mvua, ameketi kaka yangu na nyundo, shati limemgandia. Chini yupo mwana wa Mama Léa, Éliezer, ameshika ngazi. Hakuna kati yao anayetabasamu.

Nilitoka mkutanoni nikakimbia. Mama aliisogeza simu karibu, akaisogeza mbali, akahesabu mabati kwa kidole, kisha akasema, "Upande ya kushoto ameuweka vibaya. Haya, twende."

Jumatano, 13 Novemba

Wamekata chini ya goti. Dokta Bertin aliniita pembeni, bado ana kofia ya upasuaji.

"Mu muguu nimeitoa yote. Lakini tezi za kinena zilikuwa nyeusi, Madame. Nimetoa zenye niliweza."

Ninajua tezi zile ni nini, nimezichora ubaoni mara nyingi. Ndipo walinzi wanapoletewa vipande na kufundishwa: huyu hapa ndiye, mkariri, nendeni mkamtafute. Ni darasa lao. Na ugonjwa wa mama umekwenda kukaa humo humo darasani, dawati la mbele.

"Kungekuwa mwezi ya saba?" nikauliza.

Alijua ninachouliza. Angeweza kuniambia hakuna ajuaye. "Ilikuwa ndogo," alisema. "Pengine tungetoa nyama ya kisigino tu."

Amemwandikia daktari anayemjua Kampala, kuhusu zile dawa za kufunika kitufe. Hakuniahidi kitu. Namshukuru kwa hilo sasa, kuliko kwa upole wake wote.

Jumapili, 17 Novemba

Vainqueur alikuja na kuku. Mama Léa alimpokea mlangoni, akamnyonyoa yule kuku, akampikia. Kaka yangu alikula ameinamisha kichwa. Mama alimwambia mboga ya sombe imebaki, aongeze. Bado sijaweza kumsalimia vizuri. Yeye angalau amerudisha bati. Mimi nitarudisha nini?

Jumamosi, 30 Novemba

Mama amejifunza kupalilia akiwa amekaa. Anasogea kwa makalio kati ya maharage yangu ya uani, anakemea majani.

Jumanne, 10 Desemba

Prefe ameniita ofisini. Nilikuwa nimepiga mstari mwekundu juu ya ukurasa wa 41, kona hadi kona, na kuomba kulirudia somo lile kabla ya mitihani.

"Madame Nadège, huu ukurasa niliusaini. Huwezi kuharibu kitu yenye iko na muhuri. Mukaguzi atasema nini?"

"Atasema uliusaini uongo, Monsieur le Préfet. Na mi niliuandika."

"Programme haina saratani mu Desemba."

Nilimwambia saratani nayo haina programme. Akasema atanitolea onyo la maandishi. Nikasema alipige muhuri.

Ijumaa, 13 Desemba

Nililirudia somo leo saa ya nne. Sikuomba tena.

Niliusoma ukurasa wa 41 kwa sauti, mpaka lile hitimisho, kisha nikasema: huu uongo niliwafundisha kaka zenu na dada zenu mwezi wa Mei, nao wamekwisha kwenda nao nyumbani. Nikachora unyayo wa mama ubaoni, ukubwa wa mwanafunzi mzima, na doa nikalichora kwa mkaa wa jikoni kwa sababu chaki nyeusi haipo. Hatimaye nikalijibu lile swali la Divine la Oktoba: mlinzi anamjua mtoto wa nyumba kwa vipande vinavyotoka ndani yake, wala si kwa sura, na anaweza kudanganywa akasinzia. Mlinzi akisinzia, nikasema, macho yanayobaki ni yenu.

Kisha nikasema vueni viatu.

Walidhani natania. Eddy akasema, "Madame, hapa tutakufa kwa harufu mbele ya cancer." Wakacheka, wakavua, nyayo thelathini na kitu zikapanda juu ya madawati, zenye vumbi, zenye makovu ya jembe, kila mmoja akimwangalia mwenzake. Prefe alitokea mlangoni akakwama hapo hapo.

Divine hakucheka. Alikuwa haangalii unyayo wake, anauangalia ule wa ubaoni.

"Madame," akasema, "bibi yangu kule Mboko iko na ile."

Nikaenda mpaka dawatini kwake.

"Kubwa namna gani?"

"Kidogo. Haijapasuka. Banasema alikanyaga mutego. Banamutafuta mwenye alitega."

Nilimwambia avae viatu. Prefe akasema saa haijaisha. Nilisema kweli, nikampa chaki, tukapita.

Naandika haya Mboko, nimeketi kwenye mkeka uani kwa bibi yake, maji ya mvua bado yanadondoka kwenye migomba. Wana wake wawili wamesimama ukutani, mikono kifuani, wananitazama kama nilivyomtazama Mama Léa. Gari la hospitali la Baraka linarudi saa kumi na dereva amekubali kusubiri. Bibi mwenyewe ameficha mguu chini ya kitenge na hataki kuutoa mpaka nimjibu kwanza, kwa sababu amesikia mimi ni mwalimu na walimu wanajua.

"Sema basi," ananiambia. "Ni nani alinitegea?"

"Hakuna muntu, Bibi," nimemwambia. "Leta muguu."